Peptaidi ya kutibu kansa ya tezi dume: ipo kweli au tunapigwa?

Bint_Pangani

Asalaam aleykum wana Tanga na wengine wote. Naomba mawazo yenu haraka kidogo maana kikao cha familia ni Jumapili na mimi ndo nimepewa kazi ya "kuulizia mtandaoni" eti kwa kuwa ndo msomi wa ukoo, na mimi nimesoma uhasibu jamani, mambo ya dawa najua panado tu 😂

Iko hivi. Baba mkubwa wangu yuko Pangani, umri umeenda, ana shamba lake la minazi. Aligundulika na kansa ya tezi dume, vipimo vilianzia Bombo kisha akapelekwa Ocean Road Dar, huko wakasema imeshafika kwenye mifupa ya mgongo. Hakufanyiwa operesheni wala mionzi bado, kapewa vidonge na sindano ya tumboni kila mwezi. Sasa hiyo sindano ndo imeleta maneno nyumbani. Kwanza yenyewe nene inatisha, pili hela, tatu baada ya ile ya kwanza maumivu ya mgongo yalizidi badala ya kupungua, yakaja kutulia baadaye. Na sasa hivi usiku anashikwa na joto la ghafla analowa jasho mpaka shuka, anatoka barazani kifua wazi na upepo wote ule wa bahari bado anajipepea na kipande cha boksi. Bibi zetu washasema mzee kachezewa.

Katikati ya hayo binamu yangu kaleta kwenye grupu la ukoo mtu anauza unga wa pakti, unakoroga kwenye maji ya uvuguvugu asubuhi kabla hujala kitu. Anasema ni "peptaidi", teknolojia mpya ya Ulaya, inaenda kwenye seli za kansa peke yake na nzima haizigusi, na ukianza lazima uache sindano za hospitali kwa sababu eti zinagongana. Bei ya dozi mbuzi kadhaa wanaondoka. Mzee mwenyewe kashalegea, siyo kwamba anauamini sana unga, anachotaka ni kupumzika na sindano.

Mimi nimegugo nikaona kweli peptaidi za kutibu kansa zipo, hazijatungwa. Ndo nikachanganyikiwa zaidi. Sasa hii kitu ipo au haipo? Na kuna swali la pembeni mzee kaniagiza nilete kama lilivyo: kuna mtu msikitini kamwambia hizi dawa za homoni asili yake ni nguruwe, anataka jibu la uhakika siyo la kubahatisha.

Ngamiani_Kati

Nafuatilia hapa, mjomba wangu naye kaambiwa tezi dume mwezi uliopita.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Waaleykum salaam dada. Pole kwa kuuguza. Kabla sijakujibu fanya kitu kimoja, mwambie mtu wa nyumbani akusomee kiboksi cha sindano aliyochomwa mzee mara ya mwisho, jina la dawa siyo jina la kampuni, afu uandike hapa. Na vidonge pia.

Bint_Pangani

Kiboksi wamekitunza alhamdulillah, mama mkubwa hatupi kitu. Sindano imeandikwa goserelini 3.6 mg. Vidonge bikalutamaidi 50 mg ila vile vimeisha.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Basi dada yangu mwambie baba mkubwa kwamba peptaidi anachomwa tayari. Goserelini ni peptaidi, ina asidi amino kumi zimeungana kwenye mnyororo mmoja. Hapo mnataka kuacha peptaidi halisi mkanunue unga unaojiita peptaidi.

Ngoja nieleze taratibu maana hili hata watumishi wenzangu wengine linawapita. Protini unazokula kwenye samaki na maharage zimejengwa na asidi amino, mnyororo mrefu wa mamia na zaidi tunauita protini, mnyororo mfupi ndo peptaidi. Mwili wenyewe unatumia peptaidi kutumiana ujumbe. Mimi wodi ya wazazi nimechoma peptaidi mikono ikachoka, ile oksitosini ya kuzuia damu mama akishajifungua ni asidi amino tisa tu. Insulini ya wagonjwa wa sukari nayo iko ukoo huo huo, ina asidi amino 51. Kwa hiyo hakuna cha ajabu cha Ulaya hapo, friji ya hospitali yoyote ya wilaya ina peptaidi ndani.

Sasa ya mzee inafanyaje. Kansa ya tezi dume nyingi chakula chake ni testosteroni, homoni ya kiume. Testosteroni inatengenezwa kwenye korodani, lakini amri inatoka kichwani, sehemu moja ya ubongo inatoa peptaidi kidogo kidogo, kwa vipindi, inaigusa tezi iliyo chini ya ubongo, na hiyo tezi ndo inaziambia korodani zifanye kazi. Goserelini inaiga ile peptaidi ya ubongo ila yenyewe haiji kwa vipindi, inakuwepo muda wote mchana na usiku. Ni mtu anayebisha hodi mfululizo bila kupumzika, mwanzo mwenye nyumba anakurupuka kufungua, baadaye anachoka anaacha kabisa kuitikia. Tezi ikishaacha kuitikia, korodani hazipati amri, ndani ya wiki tatu nne hivi testosteroni inashuka mpaka kiwango cha mtu aliyehasiwa. Kansa inakosa chakula.

Na ukiielewa hiyo utaelewa kwa nini mgongo uliuma zaidi baada ya sindano ya kwanza. Ule mwanzo wa kukurupuka testosteroni inapanda kwanza kabla haijashuka, na mtu mwenye kansa kwenye mifupa anaweza kusikia maumivu yanaongezeka. Ndo maana alipewa bikalutamaidi, hizo zinaziba njia testosteroni isiifikie kansa wakati huo. Kuisha vidonge siyo lazima iwe shida, wengi wanapewa kwa wiki chache za mwanzo tu, ila muulize daktari wake asikisie mtu nyumbani.

Lile joto la usiku na jasho siyo uchawi. Ni hali ile ile wanayopata wanawake hedhi ikikoma, homoni ikishuka ghafla mwili unapoteza kipimo cha joto. Mama mkubwa wako analijua hilo vizuri kuliko mimi, muulize kwa heshima atacheka.

Cha muhimu kuliko vyote nilivyoandika: mzee ana kansa kwenye uti wa mgongo. Siku mkiona miguu inakosa nguvu, au ganzi kuanzia kiunoni kushuka, au anashindwa kukojoa au haja kubwa inatoka bila kujua, hapo hamsubiri kikao cha familia wala asubuhi, ni hospitali saa hiyo hiyo. Mfupa unaweza kuukandamiza uti na mkichelewa miguu hairudi.

afya_ni_mtaji

Heshima kwako nesi lakini nyie watu wa hospitali kila kitu cha nje ya hospitali mnakipinga. Mbona umekiri mwenyewe peptaidi ni dawa? Sasa kama ni peptaidi kwa peptaidi tofauti iko wapi, moja inachomwa moja inanywewa, mgonjwa achague isiyomuumiza. Nimeona watu wamepona na hizi bidhaa kwa macho yangu.

Kijana_wa_Maabara

@afya_ni_mtaji tofauti iko tumboni kaka. Mimi nasoma famasia Dar ila kwetu ni Makorora, niruhusu kidogo.

Tumbo la binadamu kazi yake ni kukatakata protini na peptaidi. Asidi ya tumboni inaanza, kimeng'enya cha pepsini kinakata, ukishuka utumboni kuna tripsini na wenzake wanamalizia, kinachoingia kwenye damu ni asidi amino moja moja au vipande viwili vitatu. Mwili haujui kama hizo asidi amino zimetoka kwenye unga wa mbuzi kadhaa au kwenye dagaa wa Deep Sea. Ndo maana insulini mpaka leo watu wanajichoma toka 1922 alipochomwa mgonjwa wa kwanza kule Kanada, unafikiri kama ingewezekana kukoroga tu kwenye maji watu wangekuwa wanajitoboa kwa zaidi ya miaka 100?

Najua utaniambia kuna kidonge cha semaglutaidi, ile ya sukari na kupunguza unene. Kipo, Marekani walikiruhusu 2019. Lakini wamekichanganya na kemikali maalumu ya kukisaidia kupenya ukuta wa tumbo na bado inayoingia kwenye damu haifiki hata moja kwa mia vizuri, zaidi ya asilimia 98 inapotea. Hiyo ni kampuni kubwa yenye mabilioni, imehangaika miaka, imepata hapo. Muuza unga wa kwenye grupu yeye kapenyeza lini?

Afu tatizo la pili la peptaidi ni kwamba hata ukiichoma moja kwa moja kwenye damu haikai. Ile peptaidi asili ya ubongo anayoizungumzia nesi inadumu dakika chache imekwisha, vimeng'enya vinaila na figo inaichuja. Kazi yote ya wataalamu imekuwa kuifanya ikae. Kwenye goserelini wamebadilisha asidi amino mbili kati ya zile kumi ili isikatwe haraka, halafu wameifungia ndani ya kipande cha plastiki inayoyeyuka mwilini yenyewe, ndo hicho kinaingizwa chini ya ngozi ya tumbo kinaachia dawa polepole siku 28. Sindano ni nene kwa sababu inapitisha hicho kipande kizima, siyo maji. Nesi akishika bomba akaliinua kwenye mwanga kuna kidirisha unakiona kile kipande kimekaa ndani. Mzee akionyeshwa labda atapunguza hasira nayo.

Na hiyo hoja ya "zinagongana acha sindano" ndo inanitia wasiwasi kuliko unga wenyewe. Unga wa protini tu hauna cha kugongana. Mtu akikwambia uache dawa ujue anataka siku hali ikibadilika asiwepo wa kulinganisha naye. Au ndani kuna kitu hakijaandikwa. Marekani kulikuwa na bidhaa inaitwa PC-SPES, vidonge vya mitishamba minane vya wagonjwa wa tezi dume hawa hawa, na kweli PSA za watu (kipimo cha damu cha tezi dume) zilikuwa zinashuka, watu wakashangilia. 2002 ikaondolewa sokoni baada ya kupimwa maabara na kukutwa imechanganywa na dawa za viwandani, ikiwemo homoni ya kike ya kutengenezwa na dawa ya kuyeyusha damu. Kwa hiyo ukiniambia "nimeona watu wamepata nafuu" sikukatalii, nakuuliza umepima ndani kuna nini na namba ya usajili ya TMDA, mamlaka ya dawa, iko wapi kwenye pakti.

afya_ni_mtaji

Sawa mwanasayansi. Ila mkumbuke na hospitali zenyewe dawa hazipo, ndugu yangu alizungushwa hospitali moja miezi miwili "sindano haijafika". Mtu afanye nini?

Kijana_wa_Maabara

Hapo sikupingi hata kidogo, hilo ni tatizo la kweli na linauma. Ila jibu lake siyo unga.

Ngalawa_Kigombe

Samahanini naingilia. Mimi mvuvi tu ila huyu kijana wetu anaesoma nje aliniambia kuna dawa ya kansa imetoka kwa mdudu wa bahari tunaemkanyaga kila siku hapa maji yakitoka, yule laini laini hana gamba nje, ukimgusa anatoa wino wa zambarau. Ni kweli au alikuwa ananitania? maana kama kweli wanaume tuache pweza tukaokote hao 😅

Kijana_wa_Maabara

Hahaha shekhe hakukutania ila subiri kwanza. Jina lake la kitaalamu Dolabella auricularia, anakaa Bahari ya Hindi na Pasifiki yote hii. Mwaka 1972 kikundi cha profesa mmoja wa Arizona, George Pettit, kilikusanya hao wanyama huko Mauritius, ndani yao wakakuta peptaidi ndogo yenye ukali wa kutisha dhidi ya seli za kansa, wakaiita dolastatini 10. Iliwachukua mpaka 1987 kutangaza umbo lake, kwa sababu kwenye marundo na marundo ya hao wadudu inatoka miligramu chache tu. Baadaye ikagundulika kumbe siye yeye anayeitengeneza, ni vijidudu vya jamii ya mwani anavyokula.

Yenyewe kama ilivyo ilikuwa sumu mno kwa binadamu, majaribio hayakufika mbali. Wakatengeneza ndugu yake maabara, naye ni sumu vile vile, ila huyu wamemfunga kwenye kingamwili inayoitafuta seli ya kansa ya matezi inayoitwa Hodgkini, na kamba iliyotumika kumfunga nayo ni peptaidi ya asidi amino mbili. Njiani kwenye damu kamba haikatiki, ikimezwa na seli ya kansa vimeng'enya vya mle ndani vinaikata, sumu inaachiwa humo humo. Inaitwa brentuksimabu vedotini, imeruhusiwa Marekani 2011. Inatengenezwa kiwandani toka mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo soko la mdudu wako hakuna. Na tafadhali asiende mtu kumkaanga.

Ngalawa_Kigombe

Basi pweza waendelee 😂 ahsante

Bint_Pangani

Jamani mmenifungua macho, nimesoma yote kwa sauti kwa mama yangu hapa. Lakini kuna kitu bado. Huyo muuzaji aliposema "inaenda kwenye seli za kansa peke yake", hiyo nayo niliiona Google, kwamba zipo peptaidi zinabeba mionzi. Hiyo ni ipi? Na inaweza kumfaa mzee?

Kijana_wa_Maabara

Ipo dada, na hapo ndo wauzaji wanachota maneno yao. Kuna homoni ya mwili inaitwa somatostatini, wataalamu wakatengeneza ufupisho wake wa asidi amino nane, oktreotaidi, Marekani inatumika toka 1988. Kuna aina ya uvimbe, zile za seli zinazotoa homoni kwenye utumbo na kongosho, juu ya seli zake zimejaa vipokezi (sehemu za kuipokea) vya hiyo homoni kuliko seli za kawaida. Basi wakachukua peptaidi ya ukoo wa oktreotaidi wakaifunga kwenye madini ya mionzi, lutetiamu 177, ukiipitisha kwenye mshipa inazunguka mwili mzima inaenda kujishika kule kwenye vipokezi, na mionzi inafyatuka pale pale umbali wa milimita tu. Dozi nne, kila moja imepishana na nyenzake wiki nane. Kwenye jaribio la wagonjwa 229 lililochapishwa 2017, baada ya miezi 20 waliokuwa ugonjwa haujasonga mbele ni kama asilimia 65, upande wa pili waliopewa oktreotaidi ya dozi kubwa peke yake asilimia 11 hivi. Marekani wakairuhusu Januari 2018.

Lakini uone na upande wa pili. "Haigusi seli nzima" siyo kweli hata kwa hiyo. Peptaidi zinapita kwenye figo, kwa hiyo figo zinapigwa na mionzi, ndo maana mgonjwa anawekewa dripu ya asidi amino siku hiyo hiyo ili figo zishughulike na hizo ziiachie dawa ipite. Damu nayo inaweza kushuka. Na uvimbe usio na vipokezi hivyo dawa inapita kama haikuja. Kwa tezi dume kuna ya kwake inayotumia lutetiamu hiyo hiyo ila inalenga alama nyingine, imeruhusiwa Marekani 2022 kwa wale ambao dawa za homoni zimeshashindwa. Mzee wako hajafika huko, za homoni ndo kwanza ameanza na zinafanya kazi. Ukitaka kujua zinafanya kazi uliza PSA yake imetoka ngapi imefika ngapi, hiyo namba ndo uipeleke Jumapili kwenye kikao.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Hapo kwenye PSA nakazia. Na niongeze, msifikiri peptaidi za kansa ni za wazungu na vinu vya mionzi tu. Bleomaisini tunayowapa wagonjwa wa kansa ya matezi na Kaposi (kansa inayoonekana sana kwenye ngozi) ni ya ukoo huo, iligunduliwa Japani miaka ya 60 kutoka kwa bakteria wa udongo. Daktinomaisini ya watoto wenye uvimbe wa figo hali kadhalika. Dawa kongwe, za kawaida, watoto wanapona nazo, hakuna mtu anayezitangaza kwenye grupu kwa sababu hazina kamisheni.

Mzee_Raskazone

Salaam binti yangu. Nimekaa nasoma kimya, nimeona niseme kwa sababu maradhi hayo ninayo, na kwa sababu swali la baba yako mkubwa la nguruwe mmeliruka wote.

Aliyemwambia hakutunga, ila kachanganya historia na kiwanda. Kulikuwa na mabwana wawili Marekani, Andrew Schally na Roger Guillemin, mahasimu wakubwa, kila mmoja anataka awe wa kwanza kuipata hiyo homoni ya ubongo. Schally alitumia bongo za nguruwe, Guillemin za kondoo, malaki ya vichwa kutoka machinjioni, kwa kuwa ubongo mmoja unatoa chembe isiyoonekana. Mwaka 1971 mpangilio wa zile asidi amino kumi ukajulikana, 1977 wakagawana Nobeli pamoja na bibi Rosalyn Yalow, na nasikia hata hapo hawakupendana. Baada ya kujulikana mpangilio mnyama hakuhitajika tena. Goserelini inaunganishwa na wakemia, na hicho kipande kinachoibeba ni plastiki ya asidi ya maziwa na mwenzake, hakuna nguruwe. Angalizo ni moja, kuna sindano ya ndugu yake inaitwa leuprorelini, baadhi ya aina zake zina jelatini, kwa hiyo siku wakimbadilishia mwambie asome ile karatasi ya ndani au amuulize mfamasia. Mengine ya dharura na tiba atayapata kwa shekhe wake, mimi si mwanachuoni.

La pili. Mimi sindano sikuchoma. Daktari alinipa njia mbili, sindano maisha au kutolewa korodani mara moja. Nilipiga hesabu ya nauli ya Tanga–Dar, kilomita kama 350 kwenda tu, na sindano siku nyingine haipo, nikasema toa. Operesheni fupi, nikarudi nyumbani. Hiyo njia ni ya zamani kuliko sindano, daktari Charles Huggins wa Chicago ndiye aliyeonyesha 1941 kwamba ukiondoa homoni ya kiume kansa ya tezi dume inanywea, naye akapewa Nobeli 1966. Matokeo ni yale yale, testosteroni inashuka, hata kwa haraka zaidi. Sikufichi kwamba haikuwa rahisi kukubali, mwanamume ni mwanamume, na mke wangu ndiye aliyenisaidia kuliko daktari. Lakini baba yako mkubwa ajue kwamba ipo, ni halali kuiulizia, na anaweza kuikataa pia.

Na hilo joto la usiku ninalo na mimi nisiyechoma sindano yoyote. Kwa hiyo kama ni uchawi basi tumerogwa wote kwa pamoja. Nalala na kanga ya pamba iliyoloweshwa, chai ya tangawizi usiku nimeacha maana ilikuwa inaliamsha, na daktari akasema likizidi kuna dawa ya kupunguza. Asinyamaze nalo. Mifupa nayo inadhoofika kwa kukosa homoni, atembee kila siku, shambani kwake panatosha, ila kupanda mnazi aache.

Bint_Pangani

Mzee wangu shikamoo sana, na ahsante wallahi. Nimempigia baba mkubwa nikamsomea ujumbe wako wote neno kwa neno, alinyamaza kwanza nikadhani simu imekatika, afu akasema "huyo mzee wa Raskazone anakaa mtaa gani nikamsalimie". Ya nguruwe kaipokea, ya operesheni anasema atafikiri, hajasema hapana ambalo kwa yeye ni jambo kubwa. PSA tumeitafuta kwenye makaratasi, ilikuwa juu ya 200 wakati anaanza na ya mwisho imeandikwa 14. Hakuna mtu nyumbani aliyekuwa anajua maana yake.

Binamu kaambiwa amrudishie mwenye unga unga wake, kanuna.

Swali la mwisho nawaachia kupumua. Sindano inayofuata tunaweza kuinunua Dar kwa dada yangu akaileta na basi, ili achomwe huku asisafiri. Joto hili la Tanga, inahitaji barafu?

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Marahaba kwa niaba ya mzee 😄 Kutoka 200 kwenda 14 dada hiyo sindano inafanya kazi, isiachwe.

Friji haihitaji ila isizidi nyuzi 25, na kwenye basi chini ya kioo jua la Wami mpaka Segera inazidi hiyo vibaya. Dada yako aiweke kwenye kibegi cha kutunza ubaridi, ashuke nayo mkononi asiiweke kwenye buti, na pakiti ya ndani isifunguliwe mpaka anayechoma amenawa mikono. Mkifika kabla ya siku yake iombeeni nafasi famasia ya hospitali msikae nayo nyumbani juu ya kabati. Na mpige simu kwanza muulize zamu hiyo nani anajua kuichoma, maana siyo kila mtu amewahi kuishika, ni chini ya ngozi ya tumbo chini ya kitovu, na aombe ganzi kidogo, inaruhusiwa. Kama bei ya kila mwezi inawabana mwulizeni daktari ile ya miligramu 10.8 inayokaa wiki 12, na mpite ustawi wa jamii hospitalini na makaratasi yenu kabla ya kuuza mbuzi.

Ngamiani_Kati

Nesi, hiyo ya ganzi mjomba wangu hakuambiwa. Anachomwa Alhamisi, aombe ya kupaka au ya kuchoma?

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Yoyote iliyopo. Ya kupaka iwahishwe kama saa nzima kabla, kwa hiyo aifikirie akiwa bado foleni.